Kubeba Kamera Kama Chetezo

Siku mliyoniaga, wenzangu wa chumba cha wanawake cha studio, mlinikatia keki, mkanitupia kanga mpya mabegani, kisha mkafungua kompyuta mnioneshe kazi zangu za miaka yote. Nilifurahi, sitaficha. Niliziona tena ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ambazo leo nyingine ni hoteli, na maharusi ambao sasa wana wajukuu. Halafu mkafungua lile kabrasha la kompyuta mnaloliita "Usifanye Hivi", mkaweka ile video ya mikono inayopakwa hina, inayotikisika mpaka macho yanauma. Chumba kizima kikacheka. Mmoja wenu akaniuliza, "Bi Zuhura, siku hiyo ulikuwa na homa?" Nikacheka na mimi, nikasema labda.

Saida hakucheka. Saida ndiye mhariri wenu na ana jicho la kuchagua mchele. Alirudisha video nyuma mara mbili, akaniinamia sikioni, akasema, "Bi Zuhura, mbona inatikisika mkono wa anayepaka hina ukiwa juu tu? Ukigusa ngozi, kamera inatulia." Nikamwambia ngoja nistaafu kwanza, nitakujibu. Nimeshastaafu wiki tatu, usingizi wa mchana umeshanichosha, basi, Saida, nakaa kukujibu, na wengine msome mkitaka. Msitafute humu habari za vyeo, kwa sababu sikupata hata kimoja cha kusimulia. Mshahara nao ni siri ya mtu na mkoba wake.

Nilianza pale studio nikiwa mpokea wateja. Bwana Hemedi, mwenye studio, alikuwa hodari wa picha za pasipoti na za watoto waliozaliwa jana, lakini kilichokuwa kikimtesa ni harusi. Harusi zetu mnazijua. Wanaume wana nikaha yao, halua na kahawa, kwisha. Harusi yenyewe iko kwa wanawake, na huko Bwana Hemedi hapiti hata mlangoni. Basi akanunua kamera ya video, ile ya kuweka begani yenye kumeza kanda nzima, akaiweka juu ya meza yangu, akaniuliza, "Zuhura, mkono wako mzima?"

"Naam, mzima."

"Basi kuanzia Jumapili wewe mpiga video."

Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa. Alinionesha kitufe chekundu cha kurikodi na cha kusogeza picha karibu, akanipa betri mbili, na dua.

Jumapili ile nilifanya kosa ambalo nadhani linafanywa na wanawake wa kwetu tu. Nilidhani kazi ya kamera ni kufuata vigelegele. Wakipiga pembe ya kulia, nageuka kulia. Wakijibu wa karibu na dirisha, narudi kushoto. Bibi mmoja akainuka kucheza, nikamvuta karibu mpaka jino lake la dhahabu likajaa kioo kizima, kisha nikamwachia ghafla kwa sababu kigelegele kingine kimelia ngazini. Juu ya hayo nilikuwa nimevaa soksi, kwa heshima, na sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Nyumba zetu viatu vinavuliwa mlangoni, na mwenye soksi juu ya saruji ya namna ile hatembei, anateleza. Niliteleza kwa saa tatu na kamera begani, nikarudi nyumbani nikijiona hodari.

Biharusi wa siku ile alilelewa na bibi yake, Bi Mwaka wa Makunduchi. Bi Mwaka alikuwa amevunjika nyonga, hatoki kitandani, na alichokiomba ni kimoja tu: amuone mjukuu wake akiwa amekaa kwenye kiti cha biharusi. Kwa hiyo wiki ile ile tulipakia televisheni na deki kwenye gari ya mjomba wa biharusi, tukashuka Makunduchi. Mimi nilikwenda ili niwashe vile vitu, na kusema kweli nilikwenda kusifiwa. Wakamuinua bibi, wakamwekea mito mgongoni, nikabonyeza kitufe.

Hazikupita dakika tano akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Alisema kwa Kikae, lahaja ya huko Makunduchi, ambacho mimi mtu wa mjini sithubutu kukiandika, lakini kwa Kiswahili cha mjini alisema hivi: "Jamani, huko mjini kuna zilzala? Ardhi inatetemeka?" Walicheka. Yeye hakuwa anacheka, alikuwa amefumba macho. "Nizimieni," akasema. "Kichwa kinanizunguka." Tulikuwa hatujafika hata kwenye kiti. Niliizima, nikakunja waya, tukarudi mjini. Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia nafumba macho, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Mji wetu ni mdogo. Mpaka Ijumaa nilikuwa nshapewa jina: Zuhura Zilzala. Bwana Hemedi aliniita, akatazama ukutani, kwa sababu kanda ile yeye haruhusiwi kuiona na alikuwa akizungumzia kitu asichokijua. "Mke wangu kaitazama," akasema, "kalala na kichwa. Nakupa harusi moja nyingine, Zuhura. Moja."

Harusi hiyo moja ilikuwa Kiponda, na huko ndiko nilikomkuta Bi Rukia.

Wengi wenu hamkumuwahi, kwa hiyo nimueleze. Bi Rukia alikuwa mpaka hina. Siku zile hakukuwa na hizi koni za karatasi za kuminya. Yeye alitumia kijiti cha chelewa, ule uti wa kuti la mnazi, alichokichonga mwenyewe kwa kisu kidogo, akakichovya kwenye bakuli la hina, akachora. Alikuwa mwembamba, mfupi, hasemi sana, na biharusi akitikisika humpiga kofi dogo la goti bila kuinua macho. Mkono wake sijauona tena kwa mtu. Alikuwa anaanza jani kwenye kifundo cha mkono, analipandisha mpaka ncha ya kidole, kwa mstari mmoja usiokatika, mwembamba kama unywele, na wewe unayetazama unajikuta umeshika pumzi. Nilisahau kamera. Nilisimama pale kama niliyekuja kuomba maji.

"Ndiye wewe Zilzala?" akaniuliza, kichwa kimeinama.

"Ndiye mimi. Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Nyanyua hicho chetezo ukampitishie biharusi wa watu udi, halafu uwapitishie na wageni. Kamera iweke."

Kubeba chetezo mnaona jambo dogo. Chetezo cha Bi Rukia kilikuwa cha udongo, kipana, kimejaa majivu mpaka mdomoni, na makaa mekundu yamekaa juu. Chumba kimejaa wanawake waliokaa mikekani, miguu wameinyoosha, nguo zao hariri na shifoni. Kaa moja likianguka, umeunguza nguo ya mtu na umeharibu harusi. Nilikwenda kwa hofu, nikarudi kwa hofu, na nyuma yangu nikasikia, "Umemwaga." Nikageuka. Kwenye mkeka kulikuwa na majivu kama kijiko cha chai.

"Njoo kwangu Alhamisi," akasema.

Nilikwenda Alhamisi ile, na nyingine, na nyingine, karibu mwaka mzima. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa mbili, ngazi zake za mawe zimesimama wima na kila kipandio kina urefu wake. Alizifagia kwanza zikawa nyeusi ili jivu lionekane, kisha akanipa chetezo kilichojaa, nipande mpaka juu nikifukiza vyumba, nishuke. Yeye alikuja nyuma yangu miguu mitupu, akitazama vipandio. Kila akiona jivu alisema neno lile lile moja, "Umemwaga," na mimi nikarudi chini kuanza upya. Hakuwahi kunigombeza. Nadhani angenigombeza ningekimbia mapema.

Aliyonifunza nayaandika kama alivyoyasema, maana yote nimeyahamishia kwenye kamera na hakuna lililokataa. Soksi vua, mguu mtupu unaona. Goti lisinyooke kabisa, tembea kama mtu anayekaribia kukaa. Anza na kisigino, malizia na vidole, usiutupe mguu. Kiwiko kinakaa ubavuni. Mkono ulio mbali na mwili ni mkono wa mtu mwingine. Toa pumzi nusu, inayobaki iache ndani mpaka ufike. Usikitazame chetezo, tazama unakokwenda. Hilo la mwisho lilinichukua miezi. "Ukikitazama, unakitikisa," alikuwa akisema. "Mtazame biharusi, chetezo kitakufuata chenyewe."

Siku niliyopanda na kushuka bila ya jivu hata moja hakusema kitu. Alikaa kwenye kipandio cha mwisho, akavuta udi kwa mkono kuelekea usoni kwake, akaniambia, "Sasa kabebe lidude lako."

Nilimuuliza pia kuhusu vigelegele. Aliniambia, "Mimi huchora waridi. Wageni hupiga kelele chumba kizima. Waridi hakikisha limekwisha, ndipo ugeuke." Tangu siku hiyo sijaondoa kamera kwenye kitu kabla hakijamalizika. Nikifika mahali, nasimama, nahesabu kumi, ndipo nasogea, na kusogea kwenyewe nasogea kwa miguu. Ile ya kuvuta picha karibu kwa kidole naionea hofu hadi leo, kwa sababu ukivuta picha mara kumi na mtikisiko unauvuta mara kumi.

Yule biharusi wa kwanza alipojifungua, nilimfuata nyumbani kwake bila ya kuambiwa na mtu. Nilimwomba avae tena nguo yake ya kijani ya harusi, akakae kwenye kiti na mwanawe mapajani, nikampiga robo saa, nikabeba televisheni kwenda Makunduchi. Bi Mwaka alishika ukingo wa kitanda kwanza, kwa tahadhari. Kisha akauachia. Alitazama mpaka mwisho, akaomba tena toka mwanzo, na mara ya pili akanyoosha mkono kama anayetaka kumgusa mtoto shavu. Aliponiaga aliniambia nyumba leo imetulia. Nililia ndani ya gari na sikuona aibu.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi, nitataja mbili. Ya kwanza ni Uroa. Kikundi cha wanawake wa mwani walitaka video ya kilimo chao, na mwani unalimwa maji yakiwa yametoka, mbali, ndani ya bahari ya magotini. Huko hakuna saruji wala mkeka, kuna mchanga unaozama na viumbe wa bahari wenye miiba. Kila nikinyanyua mguu, kamera inapanda, nikiushusha, inashuka. Mama mmoja aliyekuwa akifunga mwani kwenye kamba alinitazama muda, akaniambia, "Bibi wee, mbona unakanyaga? Fagia." Akanionesha. Mguu hauinuki, unaburutwa taratibu chini ya maji, hivyo humkanyagi kiumbe na huchomwi. Nikafagia, na picha ikatulia kama niliyeketi. Halafu akavua kanga yake ya pili, akanifunga kiwiko na kiuno kwa mbeleko, kama unavyofunga mtoto. Kanga ile ninayo mpaka leo, na nyinyi mnanikumbuka nimejifunga hivyo kwenye harusi na watu wakidhani naumwa mgongo.

Ya pili ni Kiwengwa, kwenye hoteli moja, harusi ya wageni waliotaka kupigwa wakikimbia ufukweni na mimi nikimbie mbele yao kinyumenyume. Nilikimbia. Nikaanguka. Kamera niliinua juu, mimi nikakaa, na wageni wakaniona mtu wa ajabu kwa kucheka badala ya kulia. Tangu hapo mtu akitaka nirudi nyuma, namuweka mwenzangu anishike mshipi wa kiunoni aniongoze, na mnajua wenyewe hilo tumelifanya kuwa sheria.

Vifaa navyo vilibadilika. Ile kamera ya begani ilinitia kidonda cha bega, lakini nzito ina adabu. Zilipokuja ndogo za kiganjani kila mtu akashangilia, mimi nikaona mtikisiko umerudi, maana kamera nyepesi ina kiherehere. Nilishona kifuko, nikatia mchele, nikakining'iniza chini yake, ikakaa sawa. Sasa mna fimbo za umeme zinazotuliza picha zenyewe. Ni nzuri, sizibezi, ningezipata zamani ningekuwa na magoti mazuri zaidi. Lakini betri yake inakwisha biharusi akiwa kipandio cha nne, na hapo anarudi Bi Rukia, mtake msitake.

Huyo Bi Rukia mwenyewe tulikutana harusi hadi harusi, mwaka hadi mwaka. Alipaka hina mabinti wa wale aliowapaka mama zao. Nami nilikuwa simpigi tena kwa ajili ya kazi tu. Nikiwa na dakika tatu za ziada kwenye kanda, nilizitumia kuurikodi ule mkono.

Siku moja nilimpitia nyumbani kumsalimu, akanimiminia kahawa. Alipokuwa ananipa, kikombe kikaanza kulia juu ya kisahani chake. Kililia njia nzima kutoka kwake hadi kwangu. Akakiweka chini.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi usisikie."

Kisha akachukua kijiti chake, akakishika hewani mbele yangu, na kijiti kikawa kinacheza kama kina uhai wake. Akakishusha kwenye kanga aliyokuwa ameikunja gotini. Kilipogusa tu, kikatulia. Akachora jani, lile lile, mstari mmoja. Akainua, kikacheza.

"Umeona? Kazi ipo," akasema. "Nikigusa, mkono wangu ni ule ule. Nikiinua ndiyo unanikimbia. Lakini watu hawatotazama jani, watatazama mkono. Watasema Rukia kishakwisha, watoto wa watu wasishikwe na mkono unaotetemeka."

Nikamuuliza kwa nini asipumzike.

"Ntapumzika. Mwezi ujao kuna hina ya Ilhamu. Bibi yake nshampaka, mama yake nshampaka. Nikimaliza Ilhamu nakiweka kijiti chini kwa mkono wangu. Sitaki ninyang'anywe, Zuhura. Nataka nikiweke mwenyewe."

Hakuniomba kitu. Wala mimi sikuahidi kitu, kwa sababu sikuona mpiga video ana la kusaidia.

Nilichokuwa nimekisahau ni televisheni. Mnakumbuka ule utaratibu wetu wa nyumba za Mji Mkongwe: chumba cha biharusi kiko juu na kidogo, kinaingiza watu sita, wageni hamsini wamekaa ukumbini chini. Mimi ndiye niliyebuni kushusha waya kutoka kwenye kamera kupitia ngazini mpaka kwenye televisheni ya ukumbini, ili na wao waone. Watu waliupenda. Siku ya hina ya Ilhamu nimefika, nimefunga waya kwa mazoea, nimepanda juu, nimejifunga mbeleko yangu, na mama yake Ilhamu akanichungulia mlangoni, uso umejaa furaha. "Bi Zuhura, leo tuoneshe mikono tu. Karibu kabisa. Wanataka kuuona mkono wa Bi Rukia."

Nilimtazama Bi Rukia. Alikuwa amekaa mkekani, bakuli la hina mbele yake, mkono wa kulia ameuficha chini ya kanga. Yeye hakuwa anajua habari ya waya. Sasa akajua. Akautoa mkono, akachovya kijiti.

Niliwasha. Nikamkaribia kwa miguu, kiwiko ubavuni, pumzi nusu. Kamera yangu haikutikisika hata kidogo, na hapo ndipo nilipoona ubaya wake. Kwenye kioo kilichotulia namna ile, mkono wa Bi Rukia ulikuwa unatetemeka waziwazi. Chini ukumbini kelele zikapungua. Nikasikia sauti ya mwanamke inapanda ngazini, "Hebu tazameni, mbona mkono wa Bi…"

Sikufikiri, Saida. Ningefikiri ningechelewa. Niliachia kiwiko ubavuni. Nikanyoosha magoti, nikasimama kwa vidole vya miguu, nikapumua kwa mdomo kama niliyepanda ngazi mbio, nikaitazama kamera badala ya kuutazama mkono. Kila alichonikataza nilikifanya, kimoja baada ya kimoja. Picha ikaruka: mkono, bakuli, goti la Ilhamu, mkeka, vyote vinatikisika pamoja, na hakuna tena aliyeweza kusema kipi kinatikisika peke yake. Ukumbini walicheka mpaka dari ikaitika. "Zilzala karudi!" mmoja akapaza sauti, na wale wazee waliokuwa wakilikumbuka jina wakawaeleza vijana.

Kijiti kilipogusa ngozi, nikavuta kiwiko, nikashika pumzi. Jani likapanda, zuri, mstari mmoja, na ukumbi ukanyamaza kuliangalia. Akainua, nikaachia. Akagusa, nikatulia. Tulikwenda hivyo mkono wa kulia wote, na wa kushoto, na miguu, mpaka adhana ya alasiri. Kutikisa nako ni kazi. Ukizidisha wanazima televisheni, ukipunguza wanaona. Sijawahi kuchoka kwenye kazi kama nilivyochoka siku ile.

Katikati mama yake Ilhamu alipanda. "Bi Zuhura, una nini leo? Watu chini wanaumwa vichwa."

"Umri, mwanangu. Samahani."

Bi Rukia hakuinua kichwa. "Mwache," akasema. "Mimi anaponikalia karibu hivi napata mwanga wa kamera."

Alipomaliza kidole cha mwisho, Ilhamu akainua mikono na miguu yake kuitazama, akaanza kulia, na chini vigelegele vikapigwa ambavyo safari hii sikuvifuata. Nilizima kamera. Bi Rukia akakipangusa kijiti, akakilaza kando ya bakuli, akamwambia mama mtu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mdogo wake Ilhamu atakapoolewa mtafute mwengine. Mimi huyu ndiye wa mwisho." Mama mtu akapinga, akambembeleza. Bi Rukia akatikisa kichwa, akatabasamu, na jambo likawa limekwisha kama alivyotaka.

Tulipobaki wawili, nikikunja waya, akaniita.

"Zuhura."

"Naam, Bi Rukia."

"Leo umemwaga."

"Nimemwaga ngazi nzima."

Alicheka kidogo. Akakiokota kile kijiti alichokwisha kukilaza, akakichovya kwenye hina iliyobaki, akanivuta mkono wa kulia, huu wa kushikia kamera. Kijiti kilikuja kikitetemeka hewani njia nzima. Kilipogusa kiganja changu kikatulia, na akanichora waridi dogo, majani matano, bila ya haraka. Nilitembea mjini na waridi lile wiki mbili, na walioniuliza niliwaambia nilikuwa harusini.

Bwana Hemedi alizipata habari. Aliniita, akatazama ukuta wake ule ule. "Nasikia zilzala imerudi."

"Kidogo tu, Bwana Hemedi. Imepita."

Alinijua miaka mingi, akaniacha. Kanda ya Ilhamu niliihariri mwenyewe, nikaweka majani na kuondoa mtikisiko, na familia ikaridhika. Kile kipande kibaya, kwa kuwa hakina sura ya mtu, ndicho kilichobaki studio na mkakiokota nyinyi.

Bi Rukia aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Nilimpitia kila Alhamisi kumfukizia nyumba. Mjini walikuwa wakimtaja kwa kumsifu, wakisema Rukia alikuwa na akili, aliacha kazi mkono ungali mzima, si kama wengine wanaongoja mpaka wachekwe na watu. Nikisikia hivyo nilinyamaza, na moyo wangu ukijaa. Amefariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Kabla sijaandika haya nilimwendea binti yake, Bi Asha, kumwomba ruhusa, nikidhani atakataa. Akaniambia mama yake alimwachia maneno: "Nikishakwenda, mwambie Zuhura sasa anaweza kujitetea."

Basi, Saida, nimejitetea. Kipande kile msikifute na msikitoe mlikokiweka, kwa sababu kweli usifanye hivi, asiyeweza kutulia hana haki ya kutikisa. Wapya waoneshwe, wacheke kwanza. Halafu warudishie nyuma, uwaambie wautazame mkono unapogusa ngozi. Na huyo mwenye kuuliza kama Bi Zuhura alikuwa na homa, mjibuni kwamba siku ile Bi Zuhura alikuwa mzima.